Jina Juu ya Mlango



Barua ya Chama cha Wanafunzi wa Zamani ilinifikia mwezi uliopita. Ilisema kwamba maktaba mpya ya shule imekwisha kuezekwa, kwamba madirisha yanangojewa kutoka Kampala, na kwamba jambo moja tu halijapatiwa mwafaka, nalo ni jina. Wengine wanataka liandikwe jina la bwana yule aliyetoa saruji na mabati. Wengine wanataka jina la mwalimu mkuu aliyestaafu. Tena wako, wala si wachache, wasemao kwamba jina ni maneno matupu na kinachotakiwa ni vitabu. Basi iandikwe "Maktaba", yaishe.

Mimi ninayo maoni yangu, nami nimeombwa niyaandike. Lakini sikuyapata kwa kukaa kitini na kuwaza. Niliyapata katika mji mdogo wa Marekani uitwao Farmville, katika jimbo la Virginia, ambako nilikaa miaka miwili nikisomea ualimu. Kwa hiyo mniwie radhi nikiwachukua mbali kidogo kabla ya kuwarudisha nyumbani.

Farmville ni mji ambao mtu akisinzia ndani ya gari anaweza kuupita bila kujua. Pana barabara kuu moja, maghala ya zamani ya tumbaku ambayo siku hizi huuzwa fanicha ndani yake, mto Appomattox, makanisa mengi, na chuo kikuu. Ukifuata barabara kuu kuelekea kusini utakuta jengo la matofali, lisilo na ghorofa, limekaa katika pembe ya njia mbili. Jengo hilo ndilo lililonifundisha habari ya majina.

Lilijengwa mwaka 1939 liwe shule ya sekondari ya watoto Weusi wa wilaya ya Prince Edward, maana siku zile sheria ya Virginia ilikataza mtoto Mweusi na mtoto Mzungu kusoma katika shule moja. Likaitwa Shule ya Robert Russa Moton. Huyo Moton alikulia katika wilaya hiyo hiyo. Wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa, naye akapanda mpaka akawa mkuu wa chuo cha Tuskegee baada ya Booker T. Washington. Jina la heshima kabisa. Angalieni basi: hata wale waliowatenga Weusi hawakuona taabu kuwapa jina zuri. Jina liliwekwa juu ya mlango, na nyuma ya mlango hapakuwa na maabara, wala chumba cha kulia chakula, wala ukumbi wa michezo. Jengo lilikuwa la wanafunzi 180. Kufika mwaka 1951 walikuwa wamezidi 450. Wakubwa wa wilaya, badala ya kujenga madarasa, walisimamisha vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, na watu waliopita barabarani walidhani ni mabanda ya kuku. Mvua iliponyesha vilivuja. Wakati wa baridi aliyekaa karibu na jiko alichomwa na moto, na aliyekaa mbali alisoma huku amevaa koti. Wazungu wa mji huo huo walikuwa na shule yao, yenye yote yaliyokosekana kwa Weusi.

Wale wasemao jina ni maneno matupu wangeweza kusimama hapo wakasema, Je, hatukuwaambia? Nami ningewaitikia, maana mpaka hapo hadithi ni yao.

Sasa sina budi kuandika neno ambalo likitokea katika jarida la shule mwalimu mkuu hukohoa, nalo ni mgomo. Kwetu tumezoea migomo inayoanzia kwenye maharage na kuishia kwenye vioo vya madirisha. Huu haukuwa wa namna hiyo. Barbara Johns alikuwa msichana wa miaka 16, aliyekulia shambani, mpole, mpenda vitabu. Alimlalamikia mwalimu wake wa muziki juu ya hali ya shule, na yule bibi akamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hafanyi jambo. Wengi wetu tungelichukua neno kama hilo kuwa ni njia ya kufukuzwa kwa adabu. Yeye alilichukua kuwa ni swali. Akakaa nalo moyoni siku nyingi, halafu akawaita wenzake wachache aliowaamini, wakapanga kwa siri.

Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu, Bwana Boyd Jones, alipigiwa simu kwamba wanafunzi wake wameingia matatani kwenye kituo cha mabasi mjini. Akaondoka upesi. Mara karatasi zikapelekwa madarasani kuita shule nzima ukumbini. Pazia la jukwaa lilipofunguliwa hakuonekana mwalimu mkuu; alionekana Barbara. Akawaomba walimu watoke. Akavua kiatu, akagonga nacho ili wamsikilize, akaeleza yale ambayo kila mmoja aliyajua na hakuna aliyekuwa ameyasema kwa sauti. Shule ikatoka pamoja naye, na ikakaa nje wiki mbili.

Wao walitaka jengo jipya tu. Natia mkazo hapa maana watu wengi husimulia vingine. Waliandika barua kwa mawakili wawili Weusi wa Richmond, mji mkuu wa jimbo, Oliver Hill na Spottswood Robinson, waliokuwa wakifanya kazi na chama cha NAACP. Mawakili walikuja na nia ya kuwaambia watoto warudi madarasani. Walipowaona jinsi walivyosimama imara wakageuza nia, lakini kwa sharti: kesi isiwe ya kuomba shule nzuri zaidi ya Weusi, iwe ya kuomba ubaguzi wenyewe uondolewe. Wazazi wakakutana kanisani kwa Mchungaji Francis Griffin, wakajadiliana, wakakubali. Hebu fikirini mkulima ambaye duka analokopa mbegu ni la Mzungu, na benki ni ya Mzungu, naye anaambiwa atie sahihi karatasi kama ile. Walitia.

Mwaka 1952 mahakama ya Richmond iliwashinda: iliamuru majengo yalinganishwe, lakini ubaguzi ikauacha mahali pake. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikasikilizwa pamoja na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wakatoa ile hukumu ambayo dunia nzima huijua kwa jina la Brown, kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa ajili ya rangi ni kinyume cha katiba. Katika kesi zile tano, ya Farmville peke yake ndiyo iliyoanzishwa na wanafunzi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Jamaa za Barbara waliogopa atadhuriwa, wakampeleka Montgomery, Alabama, kwa ami yake. Bwana Jones alipoteza kazi. Na mwaka 1959, wilaya ilipoamriwa na mahakama ichanganye watoto, wakubwa wake walikataa kutoa hata senti moja kwa shule za umma. Wakafunga milango yote. Watoto wa Kizungu walianzishiwa shule ya binafsi. Watoto Weusi, wapatao 1,700, hawakuwa na pa kwenda. Milango ilikaa imefungwa miaka mitano! Wengine walipelekwa kwa ndugu katika wilaya na majimbo mengine, wengine walifundishwa kidogo kidogo makanisani, na wako walioingia mashambani wasirudi tena kushika kalamu. Tarehe 25 Mei 1964 Mahakama ya Juu ilikata kesi nyingine, yenye jina la mtoto wa Mchungaji Griffin, ndipo shule za umma zikafunguliwa mwezi wa Septemba mwaka ule.

Barbara mwenyewe aliolewa, akalea watoto watano, na akafanya kazi Philadelphia kama mkutubi wa shule. Alikufa mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 56. Katika majengo yenye jina lake nitakayoyataja, hakuna hata moja aliloliona.

Lile jengo la matofali liliendelea kutumiwa na watoto wadogo mpaka mwaka 1995, kisha likafungwa na ikawako hatari ya kuuzwa. Waliolishika lisipotee ni akina mama, chama kiitwacho Baraza la Wanawake la Martha E. Forrester, ambacho tangu zamani kilikuwa kikidai watoto Weusi wa wilaya ile wasomeshwe. Tarehe 23 Aprili 2001, miaka 50 kamili tangu mgomo, lilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Jina la Moton hawakulibadili. Nilipenda jambo hilo. Jina walilopewa na waliowatenga wamelijaza wenyewe maana mpya, na leo mtu akisema Moton katika Virginia hafikiriwi sana yule mkuu wa Tuskegee. Hufikiriwa watoto waliotoka nje.

Mojawapo ya njia mbili zinazokutana mbele ya jengo imepewa jina la Mchungaji Griffin. Na maktaba ya umma ya mji na wilaya ina jina la Barbara Rose Johns. Hapo ndipo nilipokuwa nikienda Jumamosi, kwa kuwa palikuwa na joto na utulivu, na viti vyake havikuvunja mgongo kama vya bwenini. Kwanza niliona jina lile linafaa kwa sababu nyepesi tu, kwamba yeye alikuwa mkutubi, na ni vyema maktaba iitwe kwa mkutubi. Baadaye nilipata sababu nzito zaidi.

Palikuwa na mzee Mweusi aliyekaa kila wiki meza ya karibu na dirisha, akisoma gazeti polepole sana, kidole kikifuata mstari. Tulizoeana. Alipojua natoka Uganda aliniuliza habari za kahawa na za mvua, kisha siku moja akanieleza habari zake. Mwaka 1959 alikuwa na miaka sita, na shati lake la kuanzia shule lilikuwa limekwisha nunuliwa. Aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 11, mrefu kuliko mwalimu wake. Nikamwuliza kama jina lile juu ya mlango linamfurahisha. Alinyamaza kitambo. Akasema kwamba jina halimrudishii hata siku moja. Kisha akasema kwamba watoto wake aliwalea mpaka wakahama nyumbani bila kuwaambia neno juu ya miaka ile, kwa aibu. Na mji mzima ulikuwa umenyamaza hivyo hivyo, Weusi kwa uchungu na Wazungu kwa sababu zao. Lakini wajukuu walipoletwa kuchukua vitabu walisoma jina mlangoni, wakamwuliza, Babu, huyu Barbara ni nani? Ikambidi ajibu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo maoni yangu yote juu ya majina ya majengo. Mengine nitakayoandika ni kuyazungusha tu. Jina hutia swali katika kinywa cha mtoto. Mtoto hasomi kitabu cha historia asipolazimishwa na mtihani, lakini mlango anaupita kila siku, na siku moja atauliza. Basi kazi ya wanaochagua jina ni kujiuliza mapema: atakapouliza atajibiwa nini, na ni nani atakayekuwapo kumjibu?

Pale pale Farmville nilipata mfano wa upande wa pili. Ile shule ya binafsi iliyoanzishwa kwa ajili ya Wazungu mwaka 1959 siku hizi hupokea watoto wa rangi zote, na tangu mwaka 1993 inaitwa Fuqua, kwa jina la tajiri aliyetoka wilaya hiyo akaisaidia kwa mamilioni ya dola. Sina ubaya na mtu anayetoa fedha yake kusomesha watoto. Wangalikuwa wengi zaidi! Lakini mtoto akiuliza jina lile limetoka wapi, jibu ni sentensi moja: alitoa fedha. Hakuna la kuuliza tena baada ya hapo. Wenzangu wa kamati, lifikirieni hili mnapotaja saruji na mabati.

Tena mahali jina linapowekwa pana maneno yake. Nilikwenda Richmond mara tatu kuangalia, maana nilikuwa nimeingiwa na hamu ya kusoma milango ya serikali. Katika uwanja wa bunge la jimbo pana jengo lililopewa jina la Oliver Hill mwaka 2005. Yeye alikuwa hai bado, mzee aliyekaribia miaka 100, macho yamekwisha potea, lakini masikio yaliweza kusikia jina lake likitangazwa. Alikufa mwaka 2007. Mahakama ya serikali kuu iliyofunguliwa mjini humo mwaka 2008 ina majina mawili, la Spottswood Robinson na la Jaji Robert Merhige, aliyeamuru shule nyingi za jimbo zichanganywe. Kumbukeni kwamba ni mahakama ya serikali kuu ya mji huo huo iliyowanyima watoto wa Moton haki mwaka 1952, na Robinson alikuwa wakili wao.

Jengo lililonifanya nisimame kando ya njia kwa muda mrefu lilikuwa jingine. Zamani lilikuwa Hoteli Richmond, limetazamana na bunge, na lilijengwa mwaka 1904. Mwaka 2017 serikali ya Virginia ililipa jina la Barbara Johns. Ofisi iliyowekwa humo ilikuwa ya nani? Ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Na katika kesi ya Farmville, aliyesimama mahakamani kuutetea ubaguzi dhidi ya msichana yule na wenzake alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo wa siku zile, J. Lindsay Almond. Ni kana kwamba mtu amelipeleka jina la aliyeshtaki akalipigilia kwenye mlango wa aliyeshtakiwa, ili kila karani anayeingia kazini asubuhi alipite. Mimi naiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko sanamu, ijapokuwa sanamu pia amepata: Desemba 2025 ilizinduliwa katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington kwa niaba ya Virginia, kuchukua nafasi ya ile ya Jenerali Robert E. Lee iliyoondolewa Desemba 2020. Katika sanamu hiyo ni msichana wa shule. Kati ya majenerali na marais, msichana wa shule!

Wale ndugu zetu wa "vitabu kwanza" wasidhani nimewasahau. Wana haki yao, na Virginia yenyewe ililitambua hilo. Mwaka 2004 jimbo lilianzisha mfuko wa kuwasomesha watu wazima walionyimwa shule katika miaka ile ya kufungwa, na kwa kuuanzisha jimbo lilitoa dola milioni moja na tajiri mmoja akatoa milioni nyingine. Wanawake na wanaume wenye wajukuu walirudi kuketi kwenye madawati. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamepewa vyeti vya heshima vya shule, na cheti cha heshima ni kama jina juu ya mlango, kizuri kutundika ukutani. Lakini kulipiwa karo ni jambo jingine. Kama Virginia ingaliandika majina tu na isitoe karo, ningekuwa wa kwanza kusema wamefanya mchezo. Tena mfuko ule ulikuja baada ya watu kukumbushana kwa miaka mingi, na kukumbushana kulianzia katika jengo lile la matofali ambalo akina mama walikataa liuzwe. Sijui mtu awezaye kuvitenga viwili hivi.

Sasa nirudi nyumbani. Sisi pia tunajua kubadili majina. Walioingia Makerere wanalijua bweni la Nsibirwa, ambalo zamani liliitwa Northcote kwa jina la Mwingereza aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la chuo. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro wa Buganda, aliyepigwa risasi mwaka 1945 baada ya kupitishwa sheria iliyowezesha ardhi kupatikana kwa ajili ya Makerere. Anayelala humo amelala juu ya deni, na akiuliza atajibiwa hivyo. Mwaka 2025 Mahakama Kuu mjini Kampala iliagiza majina ya watawala wa kikoloni yaondolewe katika barabara za jiji. Wengi walishangilia, na mimi pia nilifurahi. Lakini kuondoa bango ni kazi ya asubuhi moja yenye ngazi na nyundo. Kumpata wa kuandikwa, na kuwapata watakaomweleza, ndiyo kazi ya miaka.

Katika shule yetu mabweni manne yana majina ya wamisionari, na moja lina jina la gavana. Sipendekezi yaguswe. Wamisionari wale walichimba kisima tunachokunywa mpaka leo. Gavana sijui alichimba nini, lakini timu yake ya mpira ilitufunga mara nyingi, na jina lake limekuwa la wachezaji zaidi kuliko lake. Maktaba ni jambo jingine. Haina jina bado. Bwana wa saruji na mabati tumwandikie bamba la shaba, liwekwe ndani, mahali pa kuonekana, na tumfanyie chakula cha heshima, nitachangia mbuzi. Mwalimu mkuu mstaafu ukumbi wa mikutano una jina lake tayari, na ninavyomjua yeye mwenyewe atasema limetosha.

Nataka jina la mtu wa hapa kwetu aliyesimamia haki ya watu wakati ambapo kuisimamia kulikuwa na hatari. Msiniambie kwamba hapakuwa na watu kama hao katika gombolola letu. Wapo, ila hawakuandikwa. Ndiyo maana naomba neno moja kwa wanafunzi kabla kamati haijapiga kura: mtakapokwenda likizo, kila mmoja amwulize babu au nyanya yake, ni nani hapa aliyewahi kukataa uonevu kwa niaba ya wengine, na ilimpata nini? Andikeni majibu katika daftari. Madaftari hayo yawekwe katika rafu ya kwanza ya maktaba, karibu na mlango, ili mtoto akiuliza apate pa kusoma. Hata kama jina nililo nalo mimi halitachaguliwa, rafu hiyo peke yake ingeniridhisha.

Ninalo jina, naam. Wale wa darasa letu watakisia upesi. Ni bibi aliyekuwa akituuzia ndizi na karanga penye lango, tuliyemwita Jajja, na tuliyekuwa tukimkopa bila kulipa mpaka mwisho wa muhula. Mumewe alipokufa ndugu za marehemu walimtoa shambani pamoja na binti zake watatu, kama ilivyokuwa desturi, na watu wakamwambia anyamaze. Alikwenda kwa miguu mpaka mahakama ya wilaya. Akafukuzwa mlangoni na makarani, akarudi, akafukuzwa, akarudi. Kesi ilichukua miaka minne. Usiku mmoja nyumba yake ilitiwa moto, naye akalala kanisani na mabinti, na asubuhi alikuwa tena njiani. Aliposhinda hakukaa kimya kula ndizi zake. Mjane yeyote wa gombolola aliyetaka kwenda mahakamani alikuwa akisindikizwa na Jajja, na wengi walirudishiwa mashamba yao. Binti yake wa mwisho alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kupokelewa katika shule hii. Sisi tuliokuwa tukila karanga zake hatukuambiwa lolote juu ya hayo. Nilisikia nikiwa mtu mzima, katika matanga ya mtu mwingine.

Jina lake kamili sitaliandika hapa. Yuko hai, umri wake umepita miaka 90, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kuandikwa mlangoni. Oliver Hill alisikia jina lake likitangazwa, Barbara hakulisikia. Kwa hiyo wiki iliyopita nilimwandikia mjukuu wake, anayefundisha shule ya msingi pale sokoni, nikamwomba aketi naye, amweleze polepole, na amwulize. Jibu lake bado halijafika. Naomba kamati isichonge bango mpaka lifike.